Chenji Iliyozidi

Sehemu ngumu ya siku ya keshia huja baada ya mteja wa mwisho kuondoka. Mlango umeshafungwa nusu, mlinzi anasubiri, na yeye ameinamia droo akipanga noti kwa rangi: elfu za kahawia, mia tano za kijani, mia mbili za buluu, mia za zambarau, hamsini nyekundu. Sarafu anazipanga kumi kumi, twiga wa shilingi moja, kifaru wa tano, simba wa kumi, tembo wa ishirini. Kisha anachukua karatasi iliyotoka kwenye mashine ikionyesha mauzo ya siku, anatenga pesa za chenji alizokabidhiwa asubuhi, halafu analinganisha. Hesabu zikioana, anakwenda nyumbani. Zikipungua, anahesabu upya. Zikipungua tena, ana shoti, na kila mfanyakazi wa kaunta kuanzia Kitale hadi Bungoma anajua shoti hulipwa na nani.

Sura hii inahusu zile pesa zilizopungua, na mtu aliyeondoka nazo.

Matisi ni mtaa wa pembeni mwa mji wa Kitale, kaunti ya Trans Nzoia, na ni jina la wadi katika eneo bunge la Saboti. Jina hilo hilo linasikika pia upande wa Bungoma, ambako watu wengi wa mtaa huu wana ndugu. Ni mtaa wa watu wanaonunua kidogo kidogo: sukari robo, mafuta ya kupima, unga wa pakiti moja, sabuni kipande. Mwisho wa mwezi baadhi yao huingia mjini kwenye maduka makubwa kama Khetia's, biashara iliyokulia Kitale. Siku nyingine zote ni duka la jirani, kibanda cha mama mboga na kioski cha M-Pesa. Mahali ambapo watu hununua hivyo, shilingi mia tatu si pesa ya kupuuza, iwe kwa anayeipata au kwa anayeipoteza.

Kosa lenyewe hutokea kirahisi. Bidhaa zimefika shilingi 640, mteja ametoa noti ya elfu. Anastahili 360: mia mbili, mia moja, hamsini na kumi. Foleni imefika mlangoni, balbu ni hafifu, mtoto mmoja analia, mteja wa nyuma anauliza kama mkate wa leo umefika. Mkono wa keshia unaingia droo, unagusa noti ya kijani badala ya ya buluu, na mteja anapewa 660. Hakuna aliyeiba. Hakuna hata aliyeona, mpaka mteja afike nje, afungue kiganja na kuhesabu.

Hapo ndipo mambo mawili husemwa, ama kwa sauti ama moyoni. La kwanza ni kwamba duka ni tajiri, halitahisi. La pili ni kwamba Mungu amejua shida za mtu na amemjalia.

Yote mawili yanamsahau mtu mmoja. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, inaorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kuyatoa kwenye mshahara wa mfanyakazi. Miongoni mwake kuna upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au ukosefu wa uaminifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unamkabidhi kazi ya kupokea, kutunza na kulipa pesa. Huyo ndiye keshia, ametajwa karibu kwa jina. Kifungu hicho hicho kinaweka mpaka: makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Maana yake ni kwamba kisheria mtu anaweza kufanya kazi mwezi mzima, akaenda nyumbani na theluthi moja.

Kwa hiyo duka tajiri kweli halihisi, kwa sababu limekwisha kujilipa. Mia tatu ile haikutoka kwa mwenye duka anayeishi mtaa wa Milimani. Imetoka kwa msichana aliyesimama tangu asubuhi, ambaye pengine naye anakaa Matisi, nyumba ya kupanga, na ambaye jioni hiyo hiyo angeinunulia unga. Anayesema Mungu amemjalia anapaswa kukubali pia kwamba Mungu huyo amemnyang'anya keshia, na ni waumini wachache watakaothubutu kutamka hivyo kanisani Jumapili.

Kuna pingamizi lenye nguvu zaidi, na ni haki lisikilizwe. Watu husema: mbona wao hula pesa zetu? Mkenya yeyote amewahi kurudishiwa peremende au kiberiti mahali pa shilingi tano kwa sababu "hakuna chenji", na hakuna duka litakalokubali peremende hizo hizo yeye akija kulipa nazo. Wengi wameona bei moja kwenye rafu na nyingine kwenye risiti. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya imewahi kuyaonya maduka makubwa kuhusu tofauti hiyo, kwa kuwa kumwonyesha mteja bei ya uongo ni kosa kisheria. Malalamiko haya ni ya kweli na yanastahili kudaiwa. Tatizo ni anayedaiwa. Aliyepanga peremende ziwe chenji ni mwenye duka. Aliyeshindwa kubadilisha karatasi ya bei ni meneja. Mteja akibaki na mia tatu ya keshia kwa hasira ya shilingi tano za mwenye duka, deni limelipwa na mtu asiyehusika, na mdaiwa halisi amelala usingizi wake.

Mashauri ya namna hii yamewahi kufika mbele ya majaji. Mwaka 1956 huko Uingereza, katika kesi ya Moynes dhidi ya Coopper, kibarua mmoja alikuwa amekwisha kuchukua sehemu ya mshahara wake kabla ya siku ya malipo. Karani wa mishahara hakuambiwa, akamtilia mshahara kamili kwenye bahasha. Kibarua aliifungua nyumbani, akaona zimezidi, akazitumia. Mahakama iliona kwamba wakati anapokea bahasha hakujua kilichomo, kwa hiyo wizi haukuthibitishwa. Watu hawakuridhika na jibu hilo, na sheria mpya ya wizi ya mwaka 1968 iliziba mwanya: ukipata mali kwa kosa la mwingine na una wajibu wa kuirudisha, huwezi kuigeuza kuwa yako.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, sura ya 63, inapoeleza wizi haiishii kwenye kuchukua. Inataja pia kuigeuza mali ya mtu kwa ulaghai kuwa yako. Kwa kitu kilichopotea, inamhurumia aliyeokota iwapo hamjui mwenyewe na ana sababu za maana za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Huruma hiyo haiwezi kumfikia mwenye chenji iliyozidi. Risiti aliyoishika ina jina la duka, tarehe, saa na dakika, na mara nyingi jina au namba ya keshia. Hakuna mali iliyopotea yenye mwenyewe anayejulikana kuliko hiyo.

Ni kweli kwamba polisi wa Kitale hawatamfuata mtu Matisi kwa mia tatu. Ndiyo maana jambo hili linabaki mikononi mwa watu wenyewe, na ndiyo maana lina uzito.

Watafiti watatu wa Israel, Ofer Azar, Shira Yosef na Michael Bar-Eli, waliwahi kulipima katika mkahawa, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Wahudumu waliwarudishia wateja chenji iliyozidi makusudi, mara shekeli 10, mara 40. Meza zilikuwa 192. Meza 128 hazikurudisha kitu. Lakini ndani ya hesabu hiyo kuna mambo mawili ya kutia moyo. Wateja wa kila siku walirudisha kwa kiwango kikubwa kuliko wapita njia. Na waliozidishiwa shekeli 40 walirudisha zaidi kuliko waliozidishiwa 10, kinyume na anayedhani kwamba kila mtu ana bei yake na kiasi kikubwa ndicho kinachomwangusha.

Utafiti mkubwa zaidi ulifuata. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha kazi ya Alain Cohn na wenzake, ambao walikabidhi pochi zaidi ya 17,000 katika miji 355 ya nchi 40. Kila pochi ilipelekwa mapokezi ya benki, hoteli, posta, jumba la makumbusho au kituo cha polisi, na aliyeileta akasema ameiokota nje na ana haraka. Ndani mlikuwa na kadi zenye jina na barua pepe ya mwenyewe, orodha ya vitu vya kununua, na katika nyingi, ufunguo. Nyingine zilikuwa na pesa, nyingine hazina. Zisizo na pesa ziliripotiwa kwa asilimia 40. Zenye pesa, kwa asilimia 51. Katika nchi tatu walizojaribu kuweka pesa nyingi zaidi, karibu dola 94, kiwango kilipanda mpaka asilimia 72. Hata wachumi walioombwa kuyatabiri matokeo hayo hawakuyapatia.

Jambo la ufunguo ndilo linaloihusu Matisi. Watafiti walilinganisha pochi zenye ufunguo na zisizo nao, pesa zikiwa sawa. Zenye ufunguo zilirudishwa zaidi. Ufunguo hauna faida yoyote kwa aliyepokea pochi. Faida yake ni kwa mwenyewe peke yake. Aliyeuona alimwona mtu amesimama mbele ya mlango wake, hawezi kuingia. Keshia anayefunga hesabu usiku ni mtu wa namna hiyo, ila wateja hawamwoni kwa sababu wakati huo wako nyumbani.

Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi hizo 40, na iliangukia sehemu ya chini ya orodha. Matokeo hayo yalisambaa na wengi wakayachukua kama hukumu ya tabia. Yanahitaji kusomwa kwa makini. Kilichopimwa kilikuwa barua pepe: aliyepokea pochi akiandika, amehesabiwa mwaminifu, asipoandika, hakuhesabiwa. Katika nchi ambako mtu akiokota kitambulisho hupiga simu, hukipeleka kwa chifu, au hukiweka droo akimsubiri mwenyewe arudi kuuliza, kipimo hicho kinaacha mengi nje. Watafiti wa China, ambayo ilikuwa mkiani, walirudia jaribio hilo nchini kwao na kuchapisha matokeo mwaka 2023 katika jarida la PNAS. Waligundua kwamba pochi nyingi ambazo hazikuandikiwa barua pepe zilikuwa zimehifadhiwa salama. Uaminifu wa kungoja mwenyewe arudi ni uaminifu pia, ingawa kwa keshia hautoshi. Keshia hajui ni nani wa kumfuata. Amehudumia mamia ya watu siku hiyo. Hapa anayejua ni mteja peke yake, na asiporudi yeye, hakuna wa kurudi.

Kosa likiwa la mashine badala ya mkono wa mtu, umati huonyesha sura nyingine. Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 16 Machi 2024, mfumo wa Benki ya Biashara ya Ethiopia ulipata hitilafu, na wateja wakagundua wanaweza kutoa pesa kuliko walizonazo. Habari zilipita simu hadi simu katika mabweni ya vyuo vikuu, na foleni zikajaa mbele ya mashine za kutolea pesa usiku huo. Benki ilisema baadaye kwamba imepoteza takriban dola milioni 14. Ilitoa muda wa kurudisha bila kushtakiwa, ikatishia kutangaza majina na picha za waliokaidi, na kweli ikazitangaza. Katika muda wa siku kumi hivi, karibu robo tatu ya pesa zilikuwa zimerudi.

Wapo wanaoona kisa hicho ni ushahidi kwamba binadamu hurudisha kwa hofu tu. Hofu ilikuwepo, haikataliki. Lakini wale wanafunzi walipoibonyeza mashine hawakuwa na mtu mbele yao. Walikuwa na benki, jina kubwa lisilo na sura. Ndicho kinachotokea pia mteja wa Matisi anaposema "duka" badala ya kusema "yule dada wa kaunta ya pili".

Siku hizi makosa mengi ya chenji hayapiti kwenye droo kabisa. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, simu ndiyo imekuwa keshia wa Wakenya, na kosa lake kubwa ni tarakimu moja. Wakala anayetaka kumwekea mteja 500 anaongeza sifuri, zinakwenda 5,000. Mama anayemtumia fundi pesa za mabati anakosea namba ya mwisho, na mtu wa Busia asiyemjua anapokea ujumbe wa furaha. Safaricom iliongeza hatua ya kuonyesha jina la mpokeaji kabla ya pesa kuondoka, na imeweka njia ya kuomba muamala urudishwe kwa kutuma ujumbe wa muamala huo kwa namba 456. Njia hiyo inategemea jambo moja: pesa ziwe bado zipo. Mpokeaji akikimbilia kwa wakala na kuzitoa, mtumaji anabaki kumbembeleza kwa simu.

Na wakala wa kioski si tajiri. Anaishi kwa kamisheni, shilingi chache kwa kila muamala, na pesa za kuzungusha mara nyingi ni za mkopo au za mwajiri. Elfu nne na mia tano zikipotea kwa kidole kilichoteleza, itamchukua miamala mingi sana kuzirudisha. Wateja wanaowajua mawakala wao kwa majina ya watoto wao, Mama Nekesa au Baba Wafula, hujua hilo bila kuambiwa. Mpita njia aliyeshuka kwenye matatu hajui.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 imelitaja jambo hili waziwazi. Kifungu cha 35 kinasema anayeficha au kuzuia kwa makusudi ujumbe au malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kwa makosa, hali yanapaswa kumfikia mwingine, ametenda kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote pamoja. Wakenya wengi wanaojibu "pesa imeingia kwangu ni yangu" hawajawahi kukisikia kifungu hicho.

Hata hivyo kuna waliouharibu mwendo huu wa kurudishiana pesa, na ni lazima watajwe, kwa sababu madhara yao ni makubwa kuliko pesa walizoiba. Ni wale wanaotuma ujumbe wa uongo unaofanana na wa M-Pesa, kisha wanapiga simu kwa sauti ya huzuni: "Mama, nimekutumia pesa ya hospitali kimakosa, tafadhali nirudishie." Asiyeangalia salio lake hutuma pesa zake mwenyewe. Kila Mkenya mwenye simu ameupata ujumbe huo au anamjua aliyeupata. Matokeo yake ni kwamba aliyekosea kweli sasa hupokewa kama tapeli. Anapiga simu akilia, anakatiwa. Walaghai hawa wamewaibia waaminifu mara mbili: wamechukua pesa za wengine, na wamewafunga mioyo wengine.

Dawa ipo na haimtaki mtu awe mkatili. Anayeambiwa kuna pesa zimemjia kimakosa aangalie salio lake kwanza, kwa programu ya simu au kwa *334#, asitegemee ujumbe peke yake. Akikuta kweli zimeingia, asizitoe na asizitumie. Amwambie mtumaji apeleke ombi kwa kampuni, naye akiulizwa akubali. Asizirudishe mwenyewe kwa mkono, kwa maana akizituma na mtumaji akaomba zirudishwe pia, zinaweza kukatwa mara mbili. Hiyo si kumshuku mtu. Ni kumrudishia kwa njia ambayo haiachi shimo.

Ukitaka kuona mpaka kati ya kilichotolewa na kilichoponyoka, nenda sokoni Kitale msimu wa mahindi. Muuzaji anajaza gorogoro, anakung'uta, anaongeza mpaka kichuguu kisimame juu ya mkebe, anamimina kwenye mfuko wa mteja, kisha anachota kiganja kimoja zaidi na kukitupia ndani. Ile ni nyongeza. Imetolewa macho yakiwa wazi, na mteja anaipokea kwa shukrani na kesho anarudi kwa muuzaji yule yule. Muuzaji huyo huyo akijichanganya na kumpimia gorogoro tano aliyelipia nne, mteja mzoefu atasema papo hapo: "Mama, umehesabu vibaya, hii ni ya tano." Hajaambiwa na sheria yoyote. Mtu yule yule anayepokea kiganja cha bure anakataa gorogoro ya bure, na hana shida ya kutofautisha.

Watoto wa Matisi hufundishwa tofauti hiyo mapema, kwa miguu yao. Mtoto anatumwa dukani na noti ya mia mbili, anarudi na unga, na mama anazipokea zile sarafu akizihesabu kwa kidole. Zikipungua, mtoto anarudishwa. Zikizidi, anarudishwa vilevile, hata kama giza limeanza kuingia, akiwa ameshikishwa ile ishirini na maneno ya kusema: "Mama amesema ulinizidishia." Mzazi anayemrudisha mtoto kwa upungufu tu na kunyamaza kwa ziada amemfundisha pia, na mtoto ameelewa vizuri sana.

Mtoto dukani ana historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Katika karne ya 17 huko Uingereza, wafuasi wa George Fox, walioitwa Marafiki au Quakers, waliacha desturi ya kupatana bei. Walitaja bei moja, wakashika vipimo sawa, wakakataa kuapa kwa sababu waliona neno la kawaida linatosha kuwa kweli. Fox mwenyewe aliandika kwamba watu walianza kuwapenda wafanyabiashara hao walipoona kwamba hata wakimtuma mtoto dukani, atahudumiwa kama mtu mzima. Mwaka 1902 Marafiki watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifungua misheni Kaimosi. Kutoka hapo kanisa hilo lilienea hadi Lugulu na sehemu nyingi za Bungoma, likafika Trans Nzoia. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na sehemu kubwa yao wako magharibi. Muumini wa Kirafiki wa Matisi anayerudisha mia tatu anaendeleza jambo ambalo dini yake ilijulikana kwalo sokoni. Jirani yake Mwislamu naye ana sura nzima ya Kurani, ya 83, inayofunguka kwa kuwaonya wanaopunja vipimo.

Vyama vya akina mama vimeutengenezea uaminifu huo utaratibu. Siku ya mkutano pesa huwekwa mezani, huhesabiwa na watu wawili, na kiasi husomwa kwa sauti kila mmoja asikie. Aliyezidishiwa huambiwa pale pale, na hakuna anayeona aibu kurudisha hamsini mbele ya wenzake. Uaminifu wa hapo hautegemei moyo wa mtu mmoja akiwa peke yake gizani. Umepewa meza, mwanga na mashahidi. Maduka yangeweza kujifunza mengi kutoka kwa meza hiyo. Keshia anayehesabu chenji kwa sauti akiziweka moja moja kaunta, na kuiacha ile elfu ya mteja juu ya droo mpaka chenji ikubaliwe, hupunguza makosa bila kuongezewa kitu.

Lakini makosa hayataisha, kwa kuwa wanaoshika pesa ni watu na huchoka. Kwa hiyo mteja wa Matisi aliyefika nyumbani na kukuta zimezidi aangalie saa. Kama duka bado liko wazi, arudi leo. Mia tatu ikirudi kabla hesabu haijafungwa, inaingia droo na mambo yamekwisha. Ikirudi baada ya siku tatu, keshia ameshaandikwa shoti, ameshaulizwa maswali mbele ya wenzake, na pengine meneja ataipokea ile pesa asimwambie. Aliyeshindwa kurudi siku ile aende na risiti, amtafute keshia mwenyewe, na aseme mbele ya msimamizi kosa lilivyokuwa ili jina la binti lisafishwe. Nauli ya bodaboda ikizidi pesa yenyewe, apige simu. Namba ya duka kwa kawaida imeandikwa kwenye risiti.

Waajiri nao wana la kufanya, na kwao ndiko lawama kubwa inakostahili kufika. Lipo duka linaloandika shoti na halijawahi kuandika ziada, ingawa droo huzidi kama inavyopungua, na ziada ya Jumanne ingeweza kufidia shoti ya Alhamisi. Lipo duka linalokata bila kumwonyesha keshia hesabu. Daftari moja lenye safu mbili, upungufu na ziada, lililosainiwa na pande zote mbili kila jioni, lingemaliza sehemu kubwa ya uonevu huo. Na mwenye duka anayedhani mikono yake imefungwa akisome tena kifungu cha 19: kinasema mwajiri anaweza kukata. Hakisemi lazima.